Suruali ya Marinda na Tandiko la Farasi: Vazi la Mwanamke Mpandaji kutoka Mtoni hadi Maskati ya Leo

Katika familia zetu zilizotawanyika baina ya Maskati, Dubai, London na miji ya Marekani, kuna jambo dogo linalozusha maneno makubwa. Binti anataka kujifunza kupanda farasi. Baba hana neno, mama anafurahi, lakini siku ya kwanza anaporudi na ile suruali ya kubana wanayovaa wapandaji, nyumba inagawanyika. Mmoja husema hili ni vazi la Wazungu na halikuwapo kwetu. Mwingine husema dunia imebadilika, aachiwe mtoto. Mara nyingi mwisho wake ni kwamba binti huvaa kitu kisichomfaa, akachubuka magoti na mapaja, akaacha farasi baada ya mwezi mmoja.

Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zimekosa habari za wazee wetu. Anayesema kuwa mwanamke kuvaa suruali na kupanda mnyama ni jambo la Wazungu amesahau Mtoni. Na anayesema kwamba ni jambo jipya la dunia iliyobadilika, naye pia amesahau Mtoni. Katika makala haya tunakusudia kuifuata suruali ya mpandaji tangu chimbuko lake, tuone ilivyofika Unguja, ilivyopita Bara Hindi kwenda Ulaya, na kwa nini bibi zetu waliishona namna walivyoishona. Mwisho tutaeleza, kwa faida ya wanaotaka kununua au kushonesha leo, ni mambo gani ya kuangalia.

Nguo iliyozaliwa na farasi

Watu wa kale wengi hawakuvaa suruali. Wamisri, Wayunani, Warumi na Waarabu wa mwanzo walijifunga shuka, walivaa kanzu au walijitanda. Suruali ilitokea kwa watu waliokaa juu ya farasi kutwa nzima, katika nyika za Asia ya Kati. Suruali za zamani kabisa zinazojulikana ziliopolewa katika makaburi ya Yanghai, karibu na Turfan, magharibi ya China. Ni za sufu, na umri wake ni miaka 3,000 na zaidi. Mwaka 2014 wataalamu walipoeleza walivyozichunguza, ilidhihiri kwamba fundi hakukata kitambaa. Alifuma vipande vitatu kwa umbo lake: mguu mmoja, mguu wa pili, na kipande kipana cha katikati kinachounganisha mapaja. Kipande hicho cha katikati ndicho kinachompa mtu nafasi ya kupanua miguu na kukaa bila nguo kumvuta wala kupasuka.

Tunaomba msomaji akikumbuke kipande hicho, maana tutakutana nacho tena.

Kutoka nyikani vazi hili lilishuka kwa Waajemi, ambao waliliita shalwar. Waarabu wakalipokea, wakaliita sirwal, na kwa wingi sarawil. Katika karne ya 7 lilikuwa limekwisha julikana Hijazi, kwani sarawil zimetajwa katika hadithi mashuhuri ya nguo ambazo mwanamume aliyehirimia hija haruhusiwi kuzivaa. Kutoka kwa Waarabu ndipo neno lilipoingia pwani ya Afrika Mashariki, likawa suruali. Kwa hivyo tunapotamka neno hilo la kila siku tunatamka safari ndefu iliyoanzia mgongoni mwa farasi.

Farasi na punda wa Unguja

Farasi hakuwa mnyama mwepesi kumfuga katika nchi zetu. Bara aliuawa na maradhi, hasa yale yanayoletwa na mbung'o, ndiyo sababu misafara iliyokwenda Unyamwezi na Ujiji ilikwenda kwa miguu na kwa punda. Lakini kisiwani Unguja, chini ya Sayyid Said bin Sultan, farasi wa Kiarabu walikuwapo katika mabanda ya jumba la kifalme, wakiletwa kwa majahazi kutoka Uarabuni. Sayyid Said aliwathamini mno, na aliwatoa zawadi kwa wafalme. Merikebu yake Sultanah ilipofika New York mwaka 1840, chini ya nahodha Ahmad bin Na'aman, miongoni mwa zawadi alizompelekea Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu.

Pamoja na farasi alikuwapo punda mweupe wa Maskati. Msomaji wa leo asimdharau kwa kusikia jina la punda. Alikuwa mnyama mrefu, mwenye mwendo mzuri, mwenye thamani kubwa, na alipambwa kwa matandiko ya fahari. Huyu ndiye aliyekuwa kipando cha mabibi.

Shahidi wetu mkubwa ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akajulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka mwaka 1886 ameeleza kwamba watoto wa Mtoni walifundishwa kupanda tangu wakiwa wadogo. Walipokwisha kuwa hodari, wavulana walipewa farasi na wasichana walipewa punda weupe wakubwa wa Maskati waliopambwa. Hawakupanda kwa ajili ya kutembezwa tu. Walishindana mbio. Salme ameeleza siku aliyokuwa akishindana na kaka yake Hamdan, akamkimbiza mnyama kwa nguvu ili asipitwe, asiuone mnazi uliopinda mbele yake mpaka alipokaribia kuugonga kwa kipaji cha uso. Aliokoka kwa kujitupa nyuma.

Hebu tulitazame tukio hilo kwa jicho la fundi wa nguo. Mtoto wa kike anakwenda mbio, kisha kwa nukta moja anajilaza nyuma mpaka mgongo wake unakaribia mgongo wa mnyama, naye haanguki. Hilo haliwezekani isipokuwa miguu iwe huru na imeshika pande zote mbili. Nguo inayobana magoti, au inayozunguka miguu yote miwili pamoja, ingemtupa chini. Aliokolewa na wepesi wake, na pia aliokolewa na vazi lake.

Suruali yenyewe

Vazi la mwanamke wa Kiarabu wa Unguja lilikuwa na sehemu zake: kanzu au shati refu, suruali, na nguo ya kichwa, na kwa waliovaa, barakoa. Hata leo vazi la asili la mwanamke wa Omani ni la sehemu hizo hizo: nguo ya juu, sirwal na kitambaa cha kichwa. Katika picha mashuhuri ya Salme iliyopigwa Hamburg, akiwa amevaa nguo za kwao, suruali yake inaonekana chini ya kanzu.

Kwetu pwani vazi hilo lilipata jina lake: suruali ya marinda. Marinda ni yale makunjo yaliyoshonwa mwishoni mwa mguu, juu ya kifundo. Wengi wetu tuliozikuta suruali hizo katika masanduku ya bibi zetu tulidhani ni pambo tu. Ni pambo kweli, lakini ukiitandaza juu ya meza utaona kwamba ina akili ndani yake.

Kwanza, juu ni pana, imefungwa kiunoni kwa kamba, haina kifungo kinachochoma tumbo mtu anapokaa. Pili, katikati ya mapaja hakuna mishono minne inayokutana mahali pamoja, bali kuna kitambaa cha ziada. Hiki ndicho kile kipande cha Yanghai, kimefika mpaka Unguja. Mtu akikaa mguu huku na mguu huku, hakuna kinachomkata. Tatu, chini mguu unabana. Suruali pana yenye mdomo wazi hupanda juu kila mnyama anapokwenda, ikauacha muundi wazi ukisuguliwa na ngozi ya tandiko. Suruali iliyobana kifundoni hukaa mahali pake. Inampa mvaaji stara na inamlinda ngozi kwa wakati mmoja.

Hatusemi kwamba marinda yalibuniwa kwa ajili ya wapandaji. Wanawake wengi walioyavaa hawakupata kupanda mnyama maisha yao yote. Tunachosema ni kwamba umbo la suruali ile, upana juu na wembamba chini, ni umbo la watu wa farasi, na lilibaki na manufaa yake hata lilipokuwa vazi la nyumbani na la arusi.

Aliyepanda na aliyetembea

Historia ya kweli haitazami juu ya tandiko peke yake. Punda mweupe mwenye tandiko la fahari alikuwa wa binti wa Sayyid na wa mabibi wenye mali. Mwanamke wa shamba alikwenda kwa miguu, amejifunga kaniki au kitambaa cha merikani, na mzigo kichwani. Jumba la Mtoni lilikuwa na watumwa wengi, na kazi za jumba, kutoka kuwatunza wanyama hadi kuwafundisha watoto kupanda, zilifanywa na watu wasiokuwa na hiari. Tunapoisifu suruali ya hariri ya sandukuni, tukumbuke pia mikono iliyoifua.

Tunalitaja hili kwa sababu majarida ya urithi yana tabia ya kuonyesha picha za mabibi waliovikwa dhahabu na kunyamaza juu ya waliosimama nje ya picha. Familia zetu zimetoka pande zote mbili za picha ile, na aghalabu familia moja imetoka pande zote mbili kwa pamoja.

Ulaya na tandiko la upande

Wakati Salme anashindana na Hamdan, mwanamke wa heshima wa Uingereza alikuwa hawezi kukaa hivyo. Alipanda kwa tandiko la upande, miguu yote miwili ikiwa kushoto, paja la kulia likizunguka pembe ya tandiko. Kiasi cha mwaka 1830 iliongezwa pembe ya pili ya kubana paja la kushoto, naye akaweza kuruka vizuizi. Lakini juu ya hayo alivaa sketi ndefu nzito. Alipoanguka, sketi ilinasa katika pembe, na farasi akamburuta. Waliokufa au kulemaa kwa ajali za namna hiyo hawakuwa wachache, mpaka katika robo ya mwisho ya karne ya 19 mafundi wakabuni sketi inayofunguka inaponasa, na baadaye aproni inayofunika miguu kwa mbele tu.

Na chini ya sketi hiyo mwanamke wa Kiingereza alivaa nini? Alivaa suruali. Ilikuwa ya ngozi laini au ya kitambaa, nayo ilifichwa isionekane. Kwa hivyo tofauti baina yake na binti wa Mtoni haikuwa suruali. Wote wawili walikuwa nayo. Tofauti ilikuwa kwamba wa Mtoni suruali yake ilikubaliwa na watu kuwa vazi la mwanamke, na wa London yake ilihesabiwa kuwa vazi la mwanamume lililofichwa.

Salme mwenyewe aliuvuka mpaka huo. Alitoka Unguja mwaka 1866, akaolewa Aden mwaka 1867, na akaanza maisha ya sketi za Kizungu. Wako Waingereza waliovuka upande wa pili. Lady Anne Blunt, aliyesafiri na mumewe mpaka Najd katika msimu wa 1878 na 1879, alivaa mavazi ya Kiarabu jangwani, na farasi wa Kiarabu alionunua pamoja na mumewe ndio walioanzisha zizi mashuhuri la Crabbet huko Sussex. Gertrude Bell alipokuwa Yerusalemu mwaka 1900 aliacha tandiko la upande, akakaa kama wanaume, na akajishonesha sketi iliyogawanyika katikati. Sketi iliyogawanyika katikati, ukiipunguza maneno, ni suruali pana.

Njia ya Jodhpur

Sasa tufike kwenye ile suruali inayogombanisha nyumba zetu. Jina lake la kawaida katika Kiingereza ni la mji wa Jodhpur, Rajasthan. Mwaka 1897, katika sherehe za miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria, Sir Pratap Singh wa Jodhpur alifika London na wachezaji wake wa polo. Walivaa suruali pana mapajani na iliyobana kuanzia goti hadi kifundoni. Waingereza waliipenda, mafundi wao wakaiiga, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wanawake walioacha tandiko la upande wakaifanya yao.

Suruali ya Jodhpur imetokana na churidar ya Kihindi, na churidar ni ya ukoo mmoja na shalwar. Msomaji ataona tumekwenda wapi. Kutoka kwa Waajemi tawi moja la suruali lilipitia Uarabuni mpaka Omani na Unguja, likawa la marinda. Tawi jingine lilipitia Bara Hindi mpaka London, likawa la polo. Mjukuu anayevaa moja na bibi aliyevaa nyingine wanavaa nguo za binamu wawili. Ile inayoitwa ya Kizungu ilifika Uzunguni baada ya Salme kukimbia mbio zake Mtoni kwa karibu nusu karne.

Kilichobadilika baadaye ni kitambaa. Zamani upana wa mapajani ulikuwa wa lazima, kwa sababu pamba na sufu hazivutiki. Vilipopatikana vitambaa vinavyovutika, upana ule haukuhitajika tena, mafundi wakaupunguza mpaka suruali ikaganda mwilini. Hapo ndipo ulipoanza ugomvi wa stara. Lakini kubana kule ni mtindo wa kitambaa cha karne ya 20, si sharti la farasi.

Wanawake nao walithibitisha kwamba mahali pao ni juu ya tandiko. Mwaka 1952, katika Olimpiki za Helsinki, waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana na wanaume katika mchezo wa kumwongoza farasi kwa madaha, na Lis Hartel wa Denmark, ambaye miguu yake ilikuwa imeathiriwa na ugonjwa wa kupooza, alipata nishani ya fedha. Kwetu Omani, kikosi cha farasi wa Sultani kilichoanzishwa mwaka 1974 kina wapandaji wanawake ambao wameonekana katika maonyesho ndani na nje ya nchi. Na mwaka 2018 UNESCO iliiandikisha ardha ya farasi na ngamia ya Omani katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Kwa anayechagua leo

Baada ya historia, tuje dukani na kwa fundi. Haya yafuatayo yanafaa kwa suruali ya kununua na ya kushonesha.

Usiipime kwa kusimama. Chuchumaa, kisha weka mguu mmoja juu ya kiti, kisha kaa juu ya mkono wa kochi mguu huku na mguu huku. Ikivuta nyuma kiunoni au ikikata mapajani, haifai, hata ikiwa inapendeza kwenye kioo.

Angalia mishono. Adui wa mpandaji ni mshono mnene upande wa ndani wa goti na wa paja. Mshono uwe bapa, au uhamishiwe nje. Kama unashonesha, mwambie fundi atie kipande cha katikati kama cha suruali za zamani. Fundi wa Kihindi au wa Kipakistani katika soko lolote la Ghuba anakijua.

Kitambaa kiwe cha pamba iliyochanganywa na uzi wa kuvutika. Pamba tupu hulowa jasho ikakunjamana, na mkunjo ni kidonda. Kitambaa cha plastiki tupu hakipumui katika joto la Maskati. Vipande vya ngozi au vya mpira vilivyotiwa magotini humsaidia anayejifunza asiteleze.

Chini ibane kifundoni, na soksi iwe ndefu na nyembamba. Mikanda ya ngozi inayoning'iniza vikuku hufinya shavu la mguu, hivyo anayevaa buti fupi avae na kinga ya ngozi kutoka kifundoni hadi chini ya goti. Kiatu kiwe na kisigino kidogo, ili mguu usipenye wote ndani ya kikuku.

Na stara? Ivaliwe juu ya suruali, kama walivyovaa bibi zetu: shati refu lifikalo magotini, lenye mpasuo pande zote mbili mpaka karibu na kiuno. Mpasuo ni muhimu. Shati huanguka kila upande wa tandiko likafunika paja, wala halikaliwi wala halivuti. Lakini abaya pana, buibui au sketi ndefu isiyo na mpasuo asipande nayo mtu. Wanawake wa Kiingereza wamekwisha lipa gharama ya somo hilo. Nguo inayoweza kunasa katika tandiko ni hatari, hata ikiwa nia ya aliyeivaa ni njema.

Yaliyomo sandukuni

Tunamalizia kwa ombi. Suruali za marinda zinapotea. Wazee wakifariki, masanduku hufunguliwa, kanzu za zari hugawanywa, dhahabu hupimwa, na suruali hutupwa kwa kuwa ni nguo ya ndani na watu huona haya kuionyesha. Tunawaomba wenye masanduku wasitupe. Itandazeni, ipigeni picha ndani na nje, pimeni upana wa kiuno, wa paja na wa kifundo, andikeni ilikuwa ya nani, ilishonwa wapi na kitambaa kilitoka wapi. Na kama aliyeifua au kuishona anakumbukwa, andikeni jina lake pia.

Kisha mwiteni binti anayetaka kupanda farasi, mwekeeni suruali yake mpya kando ya ile ya bibi yake, aione mishono yote miwili. Tunaamini ugomvi wa nyumbani utapungua, naye atakwenda kwenye banda la farasi akijua kwamba hakuwa wa kwanza katika ukoo wake.